Mwiko wa Kugongea Vyungu

Mwanangu Saumu,

Tulifundishwa shuleni kwamba barua huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwa yule anayeandikiwa. Nimeandika hivyo, nikakata. Nimeandika tena, nikakata tena. Basi nianze upande wako. Wewe ni mzima, una kazi, una tiketi ya treni ya kesho kwenda Uskochi, na sanduku lako limekaa kwenye korido limefura kama linataka kutapika. Hofu na mashaka safari hii ni kwangu mimi.

Ni jioni. Mama yako ameshatoka kwenda zamu yake kule kwa wazee anaowatunza, na wewe uko Rayners Lane unaagana na rafiki zako. Naandika kwa ile kalamu nene uliyoandikia maboksi, na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Sababu utaikuta huko mbele.

Mambo ya koti, soksi za sufu na simu ya kila Jumapili siyagusi. Mama yako ameyasema mpaka kuta zimeyakariri. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, kinajua kuomba ufunguo na kuuliza zamu, hakijui kusema haya. Wewe Kiswahili unakisikia vizuri na kunijibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyoishi tangu uanze shule. Ukikwama mahali, soma kwa sauti. Masikio yako yanakijua kuliko macho yako.

Uliniambia kwamba kazi ya kwanza watakayokupa huko ni kuchagua vyungu vya kuyeyushia kioo, kwa mashine ya koili kama ile tuliyokuwa nayo sisi. Uliyasema hayo ukiwa unapaka mkate siagi, kana kwamba ni jambo dogo. Mimi nikasema vizuri sana, nikaingia chooni, nikakaa humo mpaka nikawa mtu tena. Nilifurahi, nisikudanganye. Lakini niliogopa zaidi ya nilivyofurahi, na woga huo ndio ulionikalisha hapa.

Unajua nilivyoingia kwenye kazi ile. Nilifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikafagia maofisi, kisha nikapata kibarua cha kufagia karakana ya Derek, hapa hapa Barking, chini ya reli. Derek alikuwa anatengeneza taa za kioo. Treni ikipita juu, vumbi linashuka, nami nafagia upya. Siku moja alinunua mashine ya koili iliyotupwa na kiwanda fulani, na kwa kuwa mwenzake alikuwa ameacha kazi, akanikabidhi mimi. Sikuwa fundi. Nilikuwa mtu aliyekuwepo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu anayejua kupika. Kwetu ukitaka kupika, unatafuta moto na chungu kizuri, unaweka chungu motoni, basi. Nikatafuta chungu kizuri kuliko vyote karakanani kwa Derek, kile cheupe cha alumina, yaani kauri ngumu, safi kama sahani ya bi harusi, nikakijaza vipande vya kioo, nikakiweka katikati ya koili. Koili yenyewe ni bomba la shaba tu lililozungushwa kama springi ya godoro, na ndani yake maji yanapita ili isiyeyuke. Nikafungua umeme. Nikavaa miwani myeusi, nikasimama kama nyota wa sinema. Derek akaenda kunywa chai, akarudi, akatia kidole ndani ya chungu kile mbele ya macho yangu.

“Raj,” akasema, “hiki ni baridi kama bia.”

Koili si moto. Haichomi kila kilicho mbele yake. Inapasha kile tu kinachopitisha umeme. Alumina haipitishi, na kioo baridi nacho hakipitishi. Ningeweza kusimama pale na miwani yangu mpaka mwaka mpya.

Basi nikakimbilia upande wa pili, ndivyo nilivyo, unanijua. Nikachukua chungu cheusi cha grafiti, kitu kile kile cha ndani ya penseli. Hicho kilishika moto kikawa chekundu hata sijamaliza kufunga aproni. Nikafikiri nimeshinda. Kioo cha kawaida kilitoka na mapovu tele. Kile kilichochanganywa madini ya risasi, ambacho Derek alikipenda kwa taa zake kwa sababu kinang’aa, kilitoka cheusi kama maji ya kuoshea masufuria, na chini ya chungu kulikuwa na shanga ndogo za risasi tupu. Grafiti ni kaa, Saumu, na kaa likikutana na kioo cha risasi linaipokonya risasi oksijeni yake. Tena chungu chenyewe kinaungua kikipata hewa. Kila siku nilikikuta kimekonda kidogo, kama mgonjwa.

Derek alikuwa pia na chungu kidogo cha platinamu alichokifungia kabatini. Alinionyesha jinsi mtu anavyomwonyesha mgeni gari la jirani. Platinamu inapitisha umeme, haiungui, na kioo cha kawaida haikichafui. Lakini ukiyeyushia humo kioo cha risasi na risasi ikaachana na kioo, inaitoboa. Akafunga kabati.

Ilituchukua muda kufikia tulipofikia. Cheupe ndani, cheusi nje. Bomba la grafiti lipate moto kutoka kwenye koili, lipeleke moto kwenye chungu cheupe, na kioo kiguse cheupe tu. Kati ya viwili hivyo uache nafasi ndogo, maana havitanuki sawa, na ukivibana kimoja kitakipasua kingine. Juu ufunike, na upulize gesi ya argoni ya kufukuza hewa ili grafiti isiungue. Umeme uongeze polepole, cheupe hakipendi kushtuliwa. Haya yote unayajua kwa majina yake ya chuoni, na pengine unayajua vizuri zaidi. Nayaandika kwa sababu ndiyo maisha yangu, sina mengine mengi ya kukuandikia.

Huko watakuuliza chungu gani ni bora. Usiwajibu upesi. Mimi kila nilipojibu swali hilo upesi nililipia. Cha kioo gani, kwa joto gani, katika hewa gani, na mara ya ngapi? Hili la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Chungu kilichokuwa kizuri mwezi uliopita si chungu kile kile leo. Kioo kinakila, na kinakila zaidi pale juu, kwenye mstari ambapo kioo kinakutana na hewa. Ukipitisha kidole hapo kikiwa kimepoa, utahisi bonde.

Kwa hiyo tukawa na desturi ya kugonga. Hiyo haikutoka kwa Derek, ilitoka jikoni kwetu. Mama yako alikuja kutoka Tanga na mwiko wa mninga sandukuni, na kichwa cha mwiko ule kikapasuka kwa kusonga ugali wa unga wa huku. Alitaka kuutupa. Nikaokoa mpini. Chuma kinaweza kumega chungu, mti haumegi. Kila asubuhi kabla ya kujaza unakigonga chungu ubavuni na kusikiliza. Kizima kinalia, sauti inakaa hewani kidogo. Chenye ufa kinasema ko, kinanyamaza. Derek alinicheka mwanzoni, baadaye akawa hagusi chungu mpaka mwiko upite.

Sasa nafika kwenye siku ile.

Ulikuwa umemaliza mwaka wa kwanza chuoni, likizo ya kiangazi, ukaja karakanani kutusaidia. Kulikuwa na mteja aliyekuwa anasubiri taa yake. Chungu cha ndani kilikuwa kimeshatumika sana. Kipya kilikuwa rafuni, lakini kipya lazima ukipashe taratibu siku nzima bila kitu ndani kabla ya kukiamini, nami sikutaka kupoteza siku. Wewe ukachukua mwiko, ukagonga. Ukagonga tena upande mwingine.

“Baba, hiki kimekufa,” ukasema. “Listen.”

Sikusikiliza. Nilikichukua kutoka mikononi mwako, nikakizungusha mara moja dirishani, nikaona weupe mtupu.

“Mimi naangalia vyungu tangu wewe hujaota meno,” nikakuambia. Derek akacheka. Wewe hukucheka.

Kosa la chungu nililikubali siku ile ile, mbele ya Derek na mbele ya mama yako, na silirudii leo ili kukuomba radhi upya. Ulishanisamehe, na ulinisamehe kwa namna yako, kwa kunikoromea wiki nzima kisha kuniletea chai. Narudi kwa sababu ya kile kilichofuata baada ya chungu kupasuka.

Kioo kilivuja. Kikapita chini ya grafiti, kikaifikia koili, shaba ikatoboka na maji ya ndani yakageuka mvuke kwa mlio ambao bado nausikia kila birika likichemka. Swichi nyekundu ya kuzimia ilikuwa ukutani, upande wangu wa kushoto. Mimi nilikuwa karibu nayo kuliko wewe. Ungeweza kukimbilia mlangoni. Badala yake ulinipita mbele, ukanyoosha mkono katikati ya mvuke ule na vipande vya moto, ukaizima. Mimi nilikuwa nimesimama.

Hospitali, wakiwa wanakufunga mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, uliniuliza. Hukuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma.

“Baba, why did you just stand there?”

Nilikujibu sijui. Ukageuza uso ukutani, na hukuniuliza tena mpaka leo. Tangu hapo unavaa mikono mirefu hata Julai. Nami nikawa nalala na neno mwoga. Nilijiuliza ni baba gani anayesimama kama mlingoti wakati mtoto wake anaungua. Nilikuwa nakutazama mezani ukikata nyama kwa mkono mmoja, natamani ardhi inimeze. Sikuwa na jibu la kukupa, Saumu. Sikukuficha kitu wakati ule.

Jibu nililipata miezi mingi baadaye, nilipokwenda duka la miwani pale karibu na stesheni kutafuta miwani ya kusomea. Kijana mmoja wa Kihindi, mpole, alinikalisha mbele ya mashine. Natazama katikati, taa ndogo zinawaka huku na huku, kila nikiiona moja nabonyeza kitufe. Nilibonyeza kwa raha zangu. Nilidhani nimefaulu. Alipotoa karatasi, katikati kulikuwa kweupe, na pembeni kote, hasa kushoto, kulikuwa kumejaa weusi. Taa zilikuwa zimewaka huko kote. Nilikuwa nimekaa nazo uso kwa uso na sikuziona.

“Huna habari kabisa?” akaniuliza.

Nikamwambia sina habari. Lakini wakati ule ule niliiona ile swichi nyekundu kichwani mwangu, upande wa kushoto, na nikajua. Sikuganda siku ile, mwanangu. Niliitafuta. Niligeuza macho nikaitafuta kwenye ukuta ule ninaoufagia kila siku, na haikuwepo. Hata ufa wa kile chungu, nadhani ulikuwepo dirishani pale, mbele yangu, mwembamba na mweupe juu ya weupe.

Ni presha ya macho. Haiumi. Haikuarifu. Inaanza kula pembeni na kuja katikati, na kilicholiwa hakirudi, hakuna upasuaji wa kukirudisha. Hospitali walinipa dawa ya matone ya kuzuia kilichobaki. Hapa sasa ndipo penye upumbavu wangu mkubwa kuliko ule wa chungu. Matone yale yanawasha, nami nilikuwa naona mbele yangu vizuri, nikawa naruka. Mwezi wa Ramadhani nikayaacha kabisa kwa kisingizio cha funga, bila hata kumuuliza shehe wala daktari, kwa sababu nilijua wote wawili wangenipa njia ya kuyatumia. Miadi ya hospitali nikaikosa kwa sababu naona, sasa niende kufanya nini? Kwa sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la karatasi. Uso wako nauona, ila lazima kwanza niutafute ulipo.

Sasa umejua kwa nini herufi ni kubwa. Umejua pia kwa nini vikombe vinaanguka, na kwa nini mlango wa kabati ulinipasua kipaji cha uso, ukanitania kwamba nimepigana na mama yako.

Nilipoacha kazi kwa Derek nilikuambia ni mgongo. Huo ni uongo niliouchagua mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu. Nilidhani mgongo ni ugonjwa wa kawaida, hautamshtua mtu. Nawe wakati ule ulikuwa umeitwa Uskochi kwa mara ya kwanza. Uliposikia mgongo ukaikataa nafasi, ukasema utabaki umsaidie mama kunihudumia, na ukaninunulia ule mto wa umeme wa kupashia mgongo. Baridi mbili nimeulalia mto ule, mgongo wangu ukiwa hauna neno. Kila nikiuwasha nilikuwa nasikia aibu ikinipasha badala ya mto. Kama kwa mgongo ulikataa, ningekuambia macho ungefanya nini? Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Derek naye akafunga karakana, sasa pale chini ya reli wanauza matairi, na mimi nikabaki nyumbani kusikiliza redio na kujifanya naona mpira kwenye televisheni.

Babu yako, baba yangu, alikuwa akienda msikitini huku kiganja chake kikipapasa ukuta. Watoto tulikuwa tunamwigiza. Watu wazima walisema ni uzee. Hakuwa mzee, Saumu. Alikuwa na umri huu nilio nao mimi leo. Hakuna aliyempima, hakuna aliyejua jina la kinachomla. Daktari wa hospitali aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa hivi, na nilipomweleza habari za ukuta ule akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina watoto.

Hii ndiyo sababu sina ruhusa ya kunyamaza tena. Jambo hili hutembea kwenye damu. Huenda halijakugusa, huenda halitakugusa kamwe, naomba Mungu iwe hivyo. Lakini wewe unakwenda kufanya kazi ya kuangalia ufa kwenye kitu cheupe. Kapime macho kabla hujaangalia chungu hata kimoja. Waambie habari za babu yako na za baba yako. Wakikuambia uko salama, rudi tena mwaka unaofuata na unaofuata. Wakikupa matone, tia, hata yakiwasha, hata ukiona mpaka Tanga. Kwa wosia, huo tu ndio nilio nao. Mengine yote utayavumbua mwenyewe kama nilivyovumbua mimi, ila nakuombea uungue kidogo kuliko mimi.

Leo mchana, ulipokuwa unapanga sanduku, mama yako alinibana jikoni na kufunga mlango.

“Baba Saumu, unamwambia lini?”

“Akishafika.”

“Akishafika wapi? Mtoto si parcel, unampakia tu anakwenda. Kama humwambii wewe, nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema taratibu, unanijua.”

“Akijua hatakwenda.”

Akafuta meza iliyokuwa imeshafutwa. Kisha akasema, “Hata mimi nataka aende. Lakini nataka aende huku anajua.” Akalia kidogo, akavaa koti lake la kazini, akaondoka mapema kuliko kawaida ili asikae na wewe kwenye chumba kimoja na siri hii.

Mimi nilikuwa na mpango mwingine. Niliazimia kuitumbukiza barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya soksi, uikute huko huko, ukiwa umeshaanza kazi na ni aibu kurudi. Nimeulea mpango huo wiki nzima, nikiuona una busara tele. Jioni hii nilipokaa kuandika ndipo nilipoanza kukumbuka ulivyosimama na mwiko mkononi. Uligonga, ukasikia, ukaniambia. Nami nikakunyang’anya chungu, nikaamua peke yangu kwa macho mabovu. Nikiificha barua hii kwenye soksi nitakuwa nimekunyang’anya tena. Kwa hiyo naiweka mezani, utaiona ukirudi. Nimeogopa sana kufikia hapo.

Sasa nikuombe, maana kuomba bado naruhusiwa. Nenda.

Ukibaki, macho yangu hayatapata hata tone la nuru zaidi. Nitakuwa kipofu yule yule, ila kipofu mwenye binti sebuleni aliyeacha kazi yake, anayetembea kwa kunyata ili asinishtue. Sitaweza kubeba hilo. Mama yako yupo. Hospitali ipo, na safari hii miadi nitakwenda, ameshaniapisha. Barking naijua kwa miguu, hata treni najua imefika wapi kwa mlio wake. Nitakosa vitu, sikatai. Nitakosa kukuona unavyokunja uso ukifikiri. Wiki hii nimekuwa nikikukodolea macho kila wakati, ukaniuliza “What?” nami nikajibu nywele zako zimesimama. Nywele zako zilikuwa sawa. Nilikuwa najaza akiba.

Nakupenda, mama. Sijui kama nimewahi kukuambia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nimesema mara nyingi, kwenye simu, mwishoni, kama watu wa huku. Kwa Kiswahili ni zito zaidi na ndiyo maana nimelichelewesha.

Na lile swali lako la hospitali, jibu lake ni hili: sikukuacha. Nilikuwa natafuta swichi.

Ukimaliza kusoma, usije kuniamsha. Tukianza kuzungumza tutalia wote wawili, utavua viatu, na treni itaondoka. Kaa na barua hii mwenyewe, uigonge pande zote, usikilize, kisha uamue wewe. Ukiamua kubaki sitakulaumu, wala mama yako hatakulaumu.

Juu ya meza, kando ya barua, nimeuweka ule mpini wa mwiko. Ukienda, uchukue, wenzako wa Uskochi wakucheke mwanzoni kama Derek. Asubuhi mimi huwa sioni kitu mpaka jua liingie dirishani, na kesho sitasubiri jua. Nitakuja mezani, nitapapasa.

Naomba nisiukute.

Ni mimi baba yako,
Rajabu